Kombe la Mabingwa na Kiwanja cha Nambilanje

TAREHE 21 Februari, 2021, klabu ya Namungo ya Ruangwa iliifunga Primeiro de Agosto, timu ya jeshi la Angola, magoli sita kwa mawili mjini Dar es Salaam. Siku nne baadaye timu hizo zilirudiana mji huo huo na Waangola wakashinda tatu kwa moja, lakini jumla ya mechi mbili ikawa saba kwa tano, na Namungo ikaingia katika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa klabu ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa bado ikihangaika katika Ligi Daraja la Kwanza, na kwa wilaya changa ya Mkoa wa Lindi, hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, mwananchi wa Nambilanje aliyetaka kuiona kwa macho yake timu ya wilaya yake ikipambana na wageni alilazimika kufunga safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, apite Lindi, apite Nangurukuru, avuke Rufiji katika daraja la Mkapa, ndipo afike uwanjani. Mechi za nyumbani za Namungo katika mashindano hayo zilichezwa Dar es Salaam. Mwalimu wa Nambilanje mwenye vipindi Jumatatu asubuhi hakuweza kwenda na kurudi. Mkulima hakuwa na nauli ya kupoteza. Waliobaki walisikiliza redio au walijazana mbele ya televisheni ya mtu mmoja mwenye umeme, nao walikuwa ndio wenye timu.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa mashindano ya kimataifa yana masharti yake na miji midogo haiwezi kuyatimiza. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inafaa ichunguzwe kabla ya kukubaliwa. Ikikubaliwa tu hivi hivi itawapa watumishi wengi wa umma, tangu ofisi za halmashauri hadi ofisi za walimu wakuu, ruhusa ya kukunja mikono.

Mashindano ya mabingwa wa nchi na nchi si mageni katika sehemu hii ya dunia. Barani Afrika yalianza msimu wa 1964/65, na mwaka 1997 yakabadilishwa mfumo na kuitwa Ligi ya Mabingwa. Kwa Afrika Mashariki na Kati, kombe la klabu bingwa lilianza rasmi mwaka 1974, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Simba ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata fainali ilichezwa Zanzibar, watani wa jadi wakakutana, na Yanga ikashinda magoli mawili kwa bila. Baada ya hapo Wakenya walilishika kombe hilo kwa muda mrefu: Luo Union mwaka 1976 na 1977, Abaluhya ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards, kisha Gor Mahia. Tangu mwaka 2002 kombe hilo limebeba jina la Rais Kagame wa Rwanda, aliyetoa zawadi ya dola 60,000 kwa washindi, nusu yake ikiwa ya bingwa.

Wazee wa kandanda hukumbuka zaidi yale ya Afrika nzima. Mwaka 1969 Yanga ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, na mshindi akapatikana kwa kurusha sarafu. Mwaka 1974 Simba iliitoa Hearts of Oak ya Accra na kufika nusu fainali, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1979 Simba ilifungwa nne kwa bila na Mufulira Wanderers hapa nyumbani, watu wakarudi makwao vichwa chini, kisha ikaenda Zambia ikawafunga wenyeji tano kwa bila. Kisa hicho husimuliwa hadi leo, na wengi wanaokisimulia walikuwa hawajazaliwa.

Katika simulizi zote hizo majina ni yale yale mawili ya mtaa mmoja wa Kariakoo. Nchi hii imepata mabingwa wa ligi kutoka kwingine: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Rungwe mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000. Coastal Union ilifika fainali ya kombe la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1989, ikafungwa na Kenya Breweries mjini Nairobi. Lakini sauti za klabu hizo zilisikika kwa muda mfupi, kisha zikanyamaza. Bingwa wa wilaya alipanda kama moto wa mabua, na sababu haikuwa kukosa vipaji.

Ndiyo maana safari ya Namungo inastahili kukumbukwa kwa makini, pamoja na kasoro zake. Jina la klabu hiyo ni jina la mahali wilayani Ruangwa. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne, na Agosti 2, 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba mawili kwa moja. Kwa kuwa Simba ilikuwa tayari bingwa wa ligi, nafasi ya pili ya nchi katika mashindano ya Afrika ilikwenda kwa mshindwa wa fainali. Msimu ule Tanzania Bara ilikuwa na wawakilishi wawili tu: mmoja bingwa wa nchi kutoka Kariakoo, mwingine kutoka Ruangwa.

Namungo iliiondoa Al Rabita ya Sudan Kusini. Ikakutana na Al Hilal ya Obeid nchini Sudan, ikashinda mbili kwa bila Dar es Salaam na kutoka sare ya tatu kwa tatu ugenini. Pambano la kwanza na Primeiro de Agosto lilikuwa lichezwe Luanda, lakini msafara ulipofika huko baadhi ya watu wake walipimwa na kukutwa na virusi vya korona, mchezo ukafutwa, na Shirikisho la Soka la Afrika likaamuru mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Hapo ndipo yakaja yale magoli sita.

Katika makundi mambo yalikuwa mengine. Namungo iliwekwa pamoja na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Ilicheza mechi sita, ikafungwa zote sita, na haikupata goli hata moja. Raja iliendelea mpaka ikalitwaa kombe hilo mwaka 2021. Kuficha matokeo hayo kungekuwa ni kuwadharau wasomaji. Yanaonyesha umbali uliopo kati ya klabu ya wilaya na klabu yenye shule ya vijana, madaktari, na viwanja vya mazoezi ambavyo mpira haurukiruki hovyo kama panzi.

Hata hivyo, safari hiyo haikuwa ya bure. Shirikisho la Afrika huhesabu mafanikio ya klabu za kila nchi kwa miaka mitano, na nchi 12 zinazoongoza hupewa nafasi nne badala ya mbili. Klabu inayofika makundi, hata ikishika mkia, huiongezea nchi yake sehemu ya pointi katika hesabu hiyo. Sehemu kubwa ya pointi za Tanzania ilitokana na Simba, iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019 na tena 2021. Lakini kidogo cha Namungo kilikuwamo pia, na kuanzia msimu wa 2021/22 Tanzania ikapewa nafasi nne. Waliofaidika mwanzo ni pamoja na Biashara United ya Mara. Nayo iliifunga Al Ahly ya Tripoli mbili kwa bila, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano na ikatolewa bila kucheza. Vijana walikuwa wamefanya kazi yao uwanjani.

Tangu hapo klabu za nchi hii zimepanda juu zaidi. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ikalikosa kombe mbele ya USM ya Algiers kwa kanuni ya goli la ugenini. Simba ilifika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025. Septemba mwaka huo Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Omdurman mbili kwa moja, na kwa hiyo kombe la Afrika Mashariki na Kati likabeba jina la mkoa wa kati ya nchi. Anayedhani kwamba mambo haya ni ya Dar es Salaam peke yake hana budi kufikiri upya.

Fainali ile ya Simba ya mwaka 2025 ina fundisho linalowahusu watu wa Ruangwa moja kwa moja. Marudiano na Berkane ya Morocco yalitarajiwa kufanyika katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, uwanja mkubwa wa taifa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi ya watazamaji 60,000. Wakaguzi wa Shirikisho la Afrika wakaona sehemu ya kuchezea haifai baada ya mvua, na pambano likahamishiwa Amaan, Zanzibar. Likaisha kwa sare ya moja kwa moja na kombe likaenda Morocco, kwa kuwa Berkane ilishinda mbili kwa bila kwake. Maelfu waliokuwa na matumaini ya kuijaza Temeke walibaki nje. Wakazi wa Dar es Salaam walionja siku ile kile ambacho wakazi wa Nambilanje walikionja mwaka 2021: timu yako inacheza mechi kubwa kuliko zote, nawe hupo, kwa sababu ya nyasi.

Uwanja huo, inafaa kukumbuka, una jina la mtoto wa Kusini, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi, si mbali na Nachingwea. Uwanja wa Ruangwa nao una jina la Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, mbunge wa Ruangwa kwa miaka 15 na Waziri Mkuu tangu mwaka 2015 hadi 2025. Jina la kiongozi huharakisha ujenzi. Hilo halina ubishi, na Ruangwa ingechelewa sana kupata uwanja wa Ligi Kuu bila msukumo wake. Lakini jina halikati majani wala halizibui mfereji. Baada ya kuzinduliwa, uwanja hubaki mikononi mwa ofisa ambaye jina lake halijaandikwa langoni, na ambaye katika mabano mengi ya bajeti hukuta fungu la matunzo limefutwa ili kuziba fungu lingine.

Wasomaji wa gazeti hili watakuwa wepesi kuuliza kuhusu viwanja vya Chama, na ni haki yao. Viwanja vingi vya mikoa, pamoja na Ilulu cha Lindi, ni mali ya Chama. Vingi vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi wote, wenye kadi na wasio na kadi, katika miaka ambayo ofisa wa mkoa na mkulima walibeba mawe pamoja. Kwa miaka mingi sasa baadhi yake vimekuwa vikifungiwa na wasimamizi wa ligi kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, huku fremu za maduka zilizozunguka ukuta zikiendelea kulipiwa kodi kila mwezi. Kodi hiyo inakwenda wapi ni swali la haki. Mwenye mali hawezi kuwahimiza walimu wakuu watunze viwanja vya shule ikiwa chake mwenyewe kina mashimo langoni mwa goli. Chama kilichochukua dhamana ya viwanja hivyo hakina budi kutenga sehemu ya kodi ya fremu kwa ajili ya nyasi na maji, na hesabu ibandikwe mahali ambapo mpita njia ataisoma.

Masharti ya mechi za kimataifa ni mengi: taa, vyumba vya kubadilishia nguo, viti, hospitali na hoteli za karibu, uwanja wa ndege. Ruangwa haitayatimiza yote kesho, wala si lazima iyatimize yote. Sharti la kwanza, lililowashinda hata watu wa Dar es Salaam mwaka 2025, ni ardhi tambarare yenye nyasi nzuri. Sharti hilo halingoji mkopo wala mkandarasi. Linaweza kuanza kutimizwa Nambilanje.

Huko Asia yamepita yanayofanana na hayo, katika mchezo ambao hapa nchini bado ni mgeni. Mwaka 2005 ilianzishwa michuano ya mabingwa wa ligi za besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa rungu na kukimbia vituo. Walikutana mabingwa wa Japani, Korea Kusini, Taiwan na China, na baadaye Australia. Miaka ya mwanzo Wajapani hawakushikika. Mwaka 2009 na 2010 michuano haikufanyika, ikarudi 2011, na mwaka 2013 klabu ya Canberra ya Australia, ambayo ligi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya Japani, ilikwenda Taiwan ikawafunga wenyeji katika fainali na kuchukua ubingwa. Baada ya hapo michuano haikuitishwa tena. Mnyonge alipata kombe mwaka ule ule ambao kombe lenyewe lilikufa. Kombe la Kagame nalo limepata kukosa kuchezwa, kwa mfano mwaka 2016 na 2017. Mashindano ya mabingwa huishi pale tu panapokuwa na wenyeji walio tayari kuyapokea, na wenyeji huhesabiwa kwa viwanja.

Kwa hiyo inafaa kurudi Nambilanje.

Mtoto wa Nambilanje atakayecheza siku moja dhidi ya Raja hujifunza kupokea mpira akiwa na umri wa miaka minane au tisa, katika kiwanja cha shule ya msingi. Kiwanja hicho, kama vilivyo vya kata nyingi za Ruangwa na Nachingwea, ni ardhi tupu. Wakati wa kiangazi huwa kigumu kama sakafu na wakati wa masika maji husimama katikati. Juu ya ardhi ya namna hiyo mpira hauendi unakopelekwa. Mtoto hujifunza kuupiga juu na mbele, kwa kuwa kuupitisha chini ni kubahatisha. Huogopa kuanguka, kwa hiyo hajifunzi kumnyang'anya mwenzake mpira kwa kuteleza, na mlinda mlango hajifunzi kuruka pembeni. Akifika miaka 18 akachukuliwa na klabu kubwa, mwalimu wa mpira huanza kumfundisha yale ambayo kijana wa Casablanca aliyajua zamani. Katika zile mechi sita bila goli, tofauti hiyo ilikuwa uwanjani tangu filimbi ya kwanza.

Mwenye uwezo wa kuibadili hali hiyo si mtu wa mbali. Wa kwanza ni ofisa ardhi wa wilaya. Maeneo mengi ya shule za vijijini hayana mipaka iliyopimwa, na kiwanja kisicho na jiwe la mpaka huliwa kidogo kidogo. Mwaka huu hupandwa mikorosho miwili pembeni, mwaka wa tatu hujengwa kibanda, mwaka wa tano diwani huletewa shauri la fidia. Uwanja wa kawaida huhitaji urefu wa mita 100 na upana wa mita 64 hivi, pamoja na nafasi kidogo pembezoni. Ni chini ya hekta moja. Nambilanje ina ardhi, na kupima hekta moja na kuiandika katika daftari la kijiji ni kazi ya siku moja kwa timu ya wapima. Kinachokosekana ni barua ya kuwatuma.

Wa pili ni Bwana Shamba. Hili litawashangaza baadhi, kwa kuwa kazi yake huhesabiwa kwa korosho, ufuta na mbaazi. Lakini ni yeye anayeujua ukoka, ambao wakulima huung'oa kwa hasira mashambani na kuutupa njiani ukauke. Ukoka huo huo, ukikatwa vipande na kuchimbiwa katika mistari mwanzoni mwa mvua, huifunika ardhi, huvumilia kukanyagwa na hukaa hai wakati wa kiangazi kirefu cha Kusini hata ukionekana umekufa. Ardhi ikisawazishwa ili katikati painuke kidogo na maji yatirirkie pembeni, na mtaro ukachimbwa kuyapokea, gharama yake ni majembe, kamba na Jumamosi nne za shule na kijiji. Wenyeji wa Nachingwea hawahitaji kukumbushwa kuhusu mradi wa karanga wa miaka ya 1940, ambapo matrekta na mamilioni ya pauni yaliletwa na watu wasioijua ardhi ya hapa, hata reli iliyotoka Mtwara ikaja kufungwa. Kwa kiwanja cha Nambilanje hakuna haja ya zulia la plastiki kutoka ng'ambo.

Wa tatu ni mwalimu, na kwake mzigo ni mzito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba yanaharibu masomo, kisha yakarudishwa baada ya kuonekana hasara yake. Mwaka 2021 UMITASHUMTA na UMISSETA vilifanyika Mtwara, jirani kabisa. Lakini katika shule nyingi kipindi cha michezo hubaki kwenye ratiba ukutani tu. Mtihani wa darasa la saba unapokaribia, kipindi hicho huwa cha kwanza kufutwa na cha mwisho kurudishwa. Mwalimu asilaumiwe peke yake, maana ofisa elimu humwuliza asilimia ya waliofaulu na hamwulizi kamwe kama shule ina mpira. Ofisa huyo akianza kuuliza hilo katika ziara zake, na kuliandika katika taarifa yake, ratiba itabadilika bila waraka.

Wasichana wasisahauliwe katika jambo hili. Kiwanja cha mpira wa pete hutosha sehemu ndogo ya ardhi hiyo hiyo, nao wasichana wa leo wanacheza kandanda pia. Shule yenye mpira mmoja humpa mvulana mpira huo, na hilo hufanyika bila mtu ye yote kuliamua.

Ipo hoja nzito inayotolewa kila mara: kata yenye upungufu wa madarasa, maji na dawa haiwezi kufikiria nyasi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama fedha za nyasi zingetoka mfuko ule ule. Ukoka hauuzwi. Kinachotakiwa ni saa za watumishi ambao tayari wanalipwa mshahara, jiwe la mpaka, na uamuzi wa mkutano wa kijiji ulioandikwa na kutiwa muhuri. Halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho na ufuta kila msimu inaweza kununua mipira, nyavu na nguzo za chuma kwa kila shule bila kugusa zahanati. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, na fundi wa kuchomelea wa Ruangwa mjini anaweza kulitengeneza.

Namungo bado haijawahi kuwa bingwa wa nchi. Ikiwa siku moja itakuwa, itacheza na mabingwa wa Uganda, Misri au Morocco, na swali la uwanja litaulizwa tena, na wakaguzi watakuja na madaftari yao. Ruangwa mjini patahitaji taa na vyumba, na hilo litakuwa shauri la wizara na wenye fedha. Nambilanje patahitajika wachezaji watatu au wanne wa kujaza kikosi, waliozoea mpira unaokwenda unakopelekwa.

Mvua za Kusini huanza Novemba au Desemba. Ili ukoka ushike, ardhi iwe imesawazishwa na mtaro umechimbwa kabla ya hapo, na kabla ya majembe ni lazima mpaka uwe umepimwa. Barua ya ofisa ardhi, basi, inatakiwa iondoke Ruangwa si baada ya Agosti.